Jibu: Kama dunia inazunguka, mbona hatuhisi?
Dada, mtoto wako si msumbufu, swali lake ni zito. Wangu alinibana nalo kwenye matatu, Barabara ya Thika. Nikamwambia atazame maji ya chupa yake: gari likienda mwendo mmoja, yametulia. Kufika Allsops dereva akakanyaga breki, maji yakaruka (na mimi nusura niangukie kondakta). Mwili huhisi mwendo unapobadilika ghafla. Dunia haikanyagi breki. Hapa Nairobi, karibu na ikweta, inatubeba takriban kilomita 1,670 kwa saa, sisi pamoja na hewa yenyewe.

Mwanao akikataa kuwa dunia inazunguka, chora kwa chaki ukingo wa kivuli cha mlingoti wa kamba ya nguo, mrudi baada ya nusu saa: kivuli kitakuwa kimesogea, kwa sababu dunia imezunguka. Wangu alikilinda mpaka chai ikapoa.