Kobe wa majini akifika nyumbani: mwachie nafasi kwanza

Juni mwaka jana rafiki wa familia aliyekuwa akihama Dar es Salaam alituachia kobe wake wa majini, mwenye gamba la urefu wa sentimita 12, wa ile jamii yenye mstari mwekundu nyuma ya jicho ambayo asili yake ni bonde la mto Mississippi huko Marekani. Mdogo wangu alimleta Kigoma kwa treni ya Reli ya Kati, ndani ya boksi la plastiki lenye matundu, akiwa amezungushiwa kitambaa chenye unyevu. Hilo lilikuwa jambo sahihi. Kobe wa majini hupumua kwa mapafu kama sisi, kwa hiyo safarini anahitaji unyevu na hewa tu, ilhali ndoo ya maji yanayosukasuka ingemchosha na kumgongesha njia nzima.

Makosa yalianza alipofika kwangu. Nilijaza tangi maji ya bomba jioni ileile, nikaliweka sebuleni karibu na televisheni, na kwa kuwa majirani walitaka kumwona, nilimtoa na kumshika mara tatu au nne kwa siku. Alijibanza pembeni nyuma ya chujio, shingo ameiingiza ndani, na kwa siku tisa hakula chochote. Mimi nikadhani maji ndiyo yanayomchukiza, nikawa nayabadilisha yote kila baada ya siku moja, na kila nilipofanya hivyo hali yake ilizidi kuwa mbaya. Naandika haya kwa ajili ya mtu anayetarajia kumpokea kobe wake wa kwanza, ili mnyama huyo asipitie aliyoyapitia wangu.

Jambo la msingi ni kwamba kobe, hata akiwa na gamba gumu, kimaumbile ni mnyama anayewindwa na ndege, mamba na wanyama wengine, na usalama anaoujua yeye ni kutokuonekana. Kioo cha pande nne kinamweka wazi kila upande. Kivuli kinachopita juu yake hukitafsiri kuwa adui, na mtikisiko wa hatua sakafuni humfikia kupitia majini. Kwa sababu hiyo nililihamishia tangi kwenye kona ya chumba kisichopitwa na watu wengi, nikafunika pande tatu kwa karatasi za kaki, na ndani nikaweka nusu ya chungu kilichovunjika, kingo zake zikiwa zimesuguliwa kwa msasa hadi zikawa laini. Usiku uleule aliingia chini ya chungu. Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mgeni huyu anahitaji wiki mbili au tatu kabla ya kudaiwa chochote. Katika muda huo asishikwe, asionyeshwe watu, na asihamishwe bila sababu ya kiafya. Mkaribie kwa ajili ya chakula na kusoma kipimajoto tu, ukitembea polepole na kusimama upande uleule kila siku.

Maji ndiyo sehemu inayohitaji uvumilivu kuliko zote, na ingefaa yaandaliwe kabla kobe hajafika. Kinyesi chake na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo huunguza macho na ngozi. Bakteria wanaokaa kwenye sponji ya chujio huibadilisha kuwa nitriti, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha katika tangi jipya. Klorini ya maji ya bomba huwaua, na hiyo ndiyo sababu usafi wangu wa kupita kiasi ulikuwa ukiniangusha, maana kila mara nilikuwa naanza upya. Sasa naacha maji kwenye ndoo zilizo wazi kwa saa 24 ili klorini itoke, nabadilisha robo tu kila wiki, na sponji naisuuza kwenye maji yaliyotolewa tangini, kamwe si bombani. Wakati tangi bado ni changa, badilisha kiasi kidogo mara kwa mara, na punguza chakula.

Baadhi ya watu hapa wameniuliza kwa nini nisichote maji ya ziwa, ambayo ni ya bure na yako karibu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha uasidi na ubesi) inayokaribia 9, na wanaofuga samaki wa ziwani huyapenda kwa sababu hiyo, lakini katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali yake yenye sumu kali. Kwa tangi jipya ambalo bakteria wake bado ni wachache, naona ni hatari isiyo ya lazima.

Kuhusu ukubwa, wafugaji wengi hukadiria lita 15 kwa kila sentimita ya gamba. Fundi wa vioo alinitengenezea tangi la urefu wa mita 1, upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 50, ambalo likijazwa hadi sentimita 40 huchukua lita 180. Kumbuka kwamba hizo ni kilo 180 bila kuhesabu kioo, kwa hiyo meza ya kawaida haifai. Langu limekaa juu ya tofali za saruji. Chini usiweke changarawe, kwa kuwa kobe huzimeza na zinaweza kumziba utumbo. Weka mawe makubwa kuliko kichwa chake, au acha sakafu ya tangi wazi.

Kobe hawezi kujipatia joto mwenyewe, na asipopata joto chakula hakisagiki. Maji yawe kati ya nyuzi 24 na 27, na awe na mahali pakavu pa kuotea joto penye nyuzi 30 hadi 35, ambapo anaweza kupanda bila kuteleza na kukauka mwili mzima. Usiku wa kiangazi hapa Kigoma maji ya tangi langu hushuka hadi 21 bila hita. Anahitaji pia mionzi ya UVB, aina ya miale ya jua inayomwezesha kutumia kalisi kujenga gamba. Taa yake iwake saa 10 hadi 12 kwa siku na ibadilishwe mapema hata kama bado inawaka, kwani mionzi huisha kabla ya mwanga. Jua la dirishani halisaidii, kwa sababu kioo huizuia mionzi hiyo. Vilevile usilitoe tangi la kioo juani, maana maji yatapata moto kupita kiasi naye akiwa ndani. Akishazoea, baada ya zile wiki za mwanzo, unaweza kumwekea beseni nje asubuhi, nusu yake ikiwa kivulini, ukikaa karibu naye.

Chakula hula akiwa majini, kwa kuwa hawezi kumeza vizuri nchi kavu. Kipimo ni kiasi kinacholingana na kichwa chake, na baada ya dakika 20 ondoa kilichobaki. Wangu alianza kwa minyoo, kwa sababu hujinyonganyonga na kumvutia, na baadaye akakubali vidonge vya kobe na majani. Mara moja kwa wiki nampa dagaa wabichi wawili watatu kutoka mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, wakiwa na miba yao. Wenye chumvi simpi kabisa. Kobe mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki moja na zaidi bila kula anapohamishwa, na hiyo peke yake si sababu ya kukimbilia dawa. Lakini akiogelea kwa kuinamia upande mmoja, akitoa mapovu puani, akihema mdomo wazi, au macho yakivimba na kufunga, usingoje: mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa dalili hizo huashiria mara nyingi maambukizi ya mapafu au upungufu wa vitamini A.

Kila anayegusa kobe au maji yake anawe mikono kwa sabuni, na vyombo vyake visioshwe jikoni. Kobe hubeba salmonela, bakteria wanaosababisha ugonjwa wa tumbo kwa watu, bila yeye kuugua. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo, wenye gamba lisilofika sentimita 10, kutokana na watoto walioambukizwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano atazame tu. Na kwa kuwa mnyama huyu huishi miaka 20 hadi 30, jiulize kabla ya kumpokea nani atamtunza ukihama. Usimwachie ziwani kwa hali yoyote. Jamii hii ni kati ya viumbe vamizi wabaya zaidi duniani, na Ziwa Tanganyika lina samaki ambao hawapatikani kwingine kokote. Kumchukua kobe wa porini nako kunagusa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo waulize kwanza maofisa wa wanyamapori.

Siku ya kumi na saba nilikuwa nimekaa kimya mlangoni. Pua ilitokeza kwanza, kisha macho, akatulia hivyo karibu dakika tano. Akapanda jiwe. Nilipopiga chafya aliruka chubwi majini na kupotea chini ya chungu, nami sikusogea. Baada ya muda alirudi, akanyoosha miguu ya nyuma, akatandaza vidole vyake hadi utando wa katikati ukapitisha mwanga wa taa, na akafumba macho nikiwa bado palepale.