Abdul ni mja wa nani?

SWALI: Mwanangu wa kiume nimempa jina la babu yake, Abdulrazak. Kwenye cheti cha kuzaliwa karani amelikata mara mbili: Abdul, kisha Razak. Shuleni anaitwa Abdul, mtaani wenzake wanamwita Dula. Mjomba wake amekuja juu, anasema Abdul si jina, Razak haifai kuitwa mtu, na Dula ndiyo uhuni kabisa. Je, ana haki? Na jina lenyewe lina maana gani?

JIBU: Mjomba ana haki, isipokuwa kwa huyo Dula. Hapo nitamtetea mtoto.

Jina hili limeshonwa kwa vipande vitatu vya Kiarabu: abd, yaani mja au mtumwa, al, kile kipande kinachobainisha nomino, na Razzaq, Mwenye kuruzuku, moja ya yale majina 99 ya Mwenyezi Mungu. Kiswahili kingesema "mja wa Mwenye kuruzuku". Kiarabu hakina haja ya "wa". Huyaweka maneno mawili ubavu kwa ubavu, na umiliki ukaeleweka. Ile "u" ya katikati ni mkia wa abdu, haimo kwenye al. Kwa hiyo anayeita "Abdul!" uwanjani amesema "mja wa..." halafu akanyamaza.

Neno abd lenyewe tunalo siku nyingi, tumelivalisha nguo nyingine tu: abudu, ibada. Na Razzaq ni ndugu wa riziki na ruzuku. Ukishaujua mchezo huu, majina mengi hufunguka bila kamusi. Abdulkarim mtazame kwa ukarimu, Abdulkadir kwa kudura, Abdulrahman kwa rehema, Abdulwahab kwa hiba. Hata Obadia wa kwenye Biblia ni wa ukoo huohuo: kwa Kiebrania ni mtumishi wa Mungu.

Si kila mja alikuwa wa Mungu mmoja, lakini. Kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa na akina Abd Shams, mja wa jua, na Abd al-Uzza, mja wa mungu wa kike Uzza. Na babu yake Mtume, Abdul-Muttalib, husimuliwa kwamba jina lake hasa lilikuwa Shayba. Alipoletwa Makka akiwa kijana, amepakiwa nyuma ya ami yake Muttalib juu ya ngamia, watu wakadhani ni mtumwa aliyenunuliwa: mtumwa wa Muttalib. Jina likamganda mpaka kufa.

Kuhusu Razak peke yake, wanazuoni wengi wako upande wa mjomba. Karim na Aziz Waarabu huwaita hata watu, maana binadamu naye anaweza kuwa mkarimu. Razzaq na Rahman ni sifa za Mungu tu, ndiyo maana haziachwi bila abd mbele yake.

Utauliza pia tahajia, maana utaona Abdurazak na Abdulrazak. Kiarabu kina herufi 28. 14 huitwa za jua, na zikifuata al huimeza "l" yake. "R" ni ya jua, kwa hiyo msomaji wa Kiarabu hutamka Abdurrazzaq, bila "l" yoyote, ingawa katika maandishi ipo. Anayeandika Abdurazak amefuata sikio, anayeandika Abdulrazak amefuata jicho. Mzanzibari Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2021, yuko na wa jicho. Irabu nayo hubadilika kwa pwani na pwani: Wasomali husema Abdirazak, Wamisri Abdel, na mshairi wa Mombasa Abdilatif Abdalla ameubeba uja mara mbili katika jina moja.

Sasa Dula. Kwa Mwarabu ni kioja: "d" imeng'olewa kwenye abd, "l" kwenye al. Lakini Kiswahili hakikati jina kwenye mishono yake ya Kiarabu, hukata kwa silabi zinazoita vizuri mdomoni. Huitwa akina Abdallah, huitwa na akina Abdul wote. Ni jina la utani la Kiswahili halisi, wala halimhusishi mtu na sifa ya Mungu. Kwa kweli kati ya majina yote matatu anayoitwa mwanao, hilo ndilo lisilo na kosa.

Kosa liko kwa karani. Andikeni Abdulrazak, neno moja, kisha jina lako, kisha la babu. Kwetu jina la pili ni la baba, kwa hiyo kwa cheti hicho mwanao anasomeka Abdul mwana wa Razak, na wewe umo hai lakini umeshaondolewa. Rudini mkarekebishe kabla hajaandikishwa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi.