Nilipigwa 6–1 na mtoto niliyemfundisha kushika maneti

Usiku wa Jumapili tarehe 16 Novemba 2025 mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, haukulala. Leopards, timu yetu ya taifa, walikuwa wamewatoa Nigeria kule Rabat, 1–1 halafu penalti 4–3, na Mbemba ndiye aliyepiga ya mwisho. Watu walitoka nje na masufuria, pikipiki zikapiga honi kutoka mtaa wa Katuba mpaka soko la Kenya (Kenya ya hapa ni mtaa wetu, si ile nchi). Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, viatu bado miguuni. Hata bao la Elia, ambaye tulimshangilia hapa hapa alipovaa jezi ya Mazembe, klabu ya mji wetu, nililijua kwa kelele za jirani.

Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimefungwa mabao sita kwenye shindano la play, yaani mpira wa kwenye PlayStation. Mfungaji ana miaka kumi na tano. Kushika maneti, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, alifundishwa na mimi.

Wengi mmeniandikia kuuliza kama ni kweli. Ni kweli. Mmoja amenitumia picha ya skrini, 6–1, kana kwamba mimi sikuwepo. Basi acheni niseme yote mara moja, na kwa kuwa najua kila anayesoma hapa anataka lile ninalolitaka mimi, yaani jina lake litajwe mtaani hata na wasiomjua, atakayetaka kujifunza ajifunze.

Kwanza mjue mimi ni nani. Nilianza mwaka 2007 Katuba, kwenye chumba cha PS2 chenye televisheni mbili na benchi moja, tukicheza PES 6, mchezo wa mpira wa wakati ule. Wa umri wangu wanamkumbuka Adriano wa Inter, nguvu ya shuti 99. Ukimpa mpira nje ya boksi, kipa alikuwa anaomba Mungu. Baadaye tukahamia mchezo wa FIFA, na kila mwaka toleo jipya liliniua kidogo. FIFA 19 ilileta shuti la kubonyeza mara mbili kwa wakati sahihi, nikajifunza. FIFA 23 ilipofanya mabeki warefu wakimbie kuliko mawinga, nikacheza na van Dijk hadi watu wakanichukia. Mwaka 2023 jina la FIFA likaondoka, likaja EA Sports FC, ingawa hapa hakuna anayesema FC, tunasema FIFA tu. FC 24 ilikuja na zile alama za vipaji maalumu, nazo nikazishika. Nilikuwa nikipita barabarani Kenya wachomeleaji wenzangu wananiita Kocha. Sikuwahi kuwakataza.

Nilipoanza kuteleza ni FC 25. Ile ilileta FC IQ, kwamba kila mchezaji unampa jukumu lake: beki wa pembeni aingie katikati kama kiungo, au abaki nyuma, au apande mpaka mwisho, na kuna anayelifanya jukumu hilo vizuri kuliko mwenzake. Mimi nikasema huo ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Nikaacha kila kitu kama kilivyokuja kwenye diski. Nikaendelea kushinda, maana mtaani kwetu kila mtu alikuwa amekiacha hivyo hivyo. Watoto walikuwa wanacheza Rush, ile ya watano kwa watano ambayo kipa anachezeshwa na mashine na ukipewa kadi ya bluu unakaa nje dakika moja. Mimi nilikaa pembeni nawacheka. Kumbe kwenye nafasi ndogo vile vidole vyao vilikuwa vinanolewa.

Sasa FC 26. Imetoka tarehe 26 Septemba. Nilichanga na shemeji, dola 70 jumla, kwa kuwa PS5 ni yake. Wiki sita nilicheza kila usiku ambao delestaji (mgao) ilituachia umeme. Nilicheza Karieri, ile ya kucheza peke yako na mashine, nikiwa kocha wa Newcastle, kwa sababu ya Wissa, mshambuliaji wetu wa Leopards. Mwenyewe alikuwa ameumia goti tangu ile mechi ya Senegal ya Septemba pale Kinshasa, lakini kwangu alikuwa mzima na alikuwa anafunga. Nilimfungisha mabao mengi ambayo nilikuwa nikimhadithia mke wangu asubuhi kama yametokea kweli. (Mazembe haimo, kabla hamjaniuliza. Timu iliyocheza fainali ya dunia ya klabu na Inter mwaka 2010 haimo, na kila mwaka naitafuta kwenye orodha kama mtu anayetafuta jina la mtoto wake kwenye matokeo ya shule.)

Shindano: watu kumi na sita, kiingilio dola tano, mshindi anaondoka na hamsini. Nilikuwa nimeshazipangia. Karatasi ya bati kwa ajili ya jiko, na zinazobaki viatu vya binti.

Mechi ya kwanza nilishinda 1–0 dhidi ya kijana aliyekuwa anatetemeka mikono. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mpira ulikuwa unakwenda mbio kuliko nilivyozoea. Pasi inafika kabla sijafikiria inayofuata. Beki wangu, ambaye nyumbani alikuwa ananyoosha mguu mwenyewe na kukata pasi, alikuwa anasimama anatazama. Nikasema ni maneti mbovu. Nikaomba nyingine. Nikapewa. Ilikuwa vilevile. Nikasema ni televisheni.

Robo fainali nikapangwa na yeye. Sitamtaja. Mwaka 2019 alikuwa mtoto wa miaka tisa anayechungulia dirishani kwa sababu hana hela ya kuingia, na mimi ndiye niliyemlipia, nikamkalisha kando yangu, nikamwonyesha kidole gumba kikae wapi. Siku hiyo alinisalimia vizuri, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, "Yaya, umeamka?", akakaa, akafungua mipango yake. Alikaa kwenye ukurasa wa mipango dakika nzima. Nilimwambia afanye haraka, watu wanangoja. Watu wakacheka. Nilifurahi walipocheka.

Bao la kwanza, dakika ya nane. La pili sikuliona vizuri. Beki wake wa kulia hakuwa pembeni, alikuwa katikati ya uwanja, kiungo wangu akabaki kati ya watu wawili kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili. Mimi ninaishi kwa mipira inayorudi: shuti ya chini nguzo ya mbali, kipa anatema, Wissa anaokota. Toka zamani hiyo ndiyo chakula yangu. Siku hiyo nilipiga tano za namna hiyo. Kipa wake aliitoa pembeni zote, mbali na Wissa, kama mtu anayejua. Bao langu moja lilikuwa kona, na nina hakika aliniachia.

Lililoniuma kuliko mabao ni la nne. Hakushangilia. Alibonyeza kuruka marudio, akaendelea, kama mtu anayemaliza kufagia.

Nilitoka nje nikanunua munkoyo, nikainywa nimesimama. Akanifuata. Nilidhani anakuja kuniomba msamaha, nikajiandaa kuukubali kwa ukubwa. Akaniuliza:

"Yaya, ku nyumba unachezaka mu nini?"

"Mu karieri."

"Njo maana. Kule ni Otantiki. Huku tunachezaka Kompetitifu."

Nikamwambia najua. Sikuwa najua.

Niwaeleze, maana najua wengine pia mnatikisa kichwa hapo kama nilivyotikisa mimi. FC 26 ni michezo miwili ndani ya diski moja. Waliotengeneza wameigawa namna ya kucheza. Upo uchezaji wa uhalisia, huo Otantiki, umetengenezwa kwa ajili ya Karieri: mpira unakwenda kwa mwendo unaofanana na wa uwanja wa kweli, wachezaji wa mashine wanajipanga wenyewe, mabeki wanakusaidia. Na upo wa ushindani, Kompetitifu, ule wa mtandaoni, wa Ultimate Team (unajenga timu kwa kadi za wachezaji) na wa Clubs (kila rafiki anachezesha mchezaji mmoja): pasi za haraka, mchezaji anajibu kidole chako papo hapo, mabeki hawakukatii mpira wakati wewe umelala, na makipa hawautemi ovyo miguuni mwa mshambuliaji. Vijana wote wa ile sehemu wamekuwa wakicheza huo tangu siku ya kwanza. Mimi wiki sita nilikuwa najifunza kuogelea kwenye beseni.

Na ile chakula yangu ya mipira inayorudi? Imekufa. Imeandikwa wazi, waliisema kabla mchezo haujatoka, mtu yeyote mwenye mega za intaneti za kutosha angesoma. Mega nilikuwa nazo. Nilizitumia kutazama watu wakifungua pakiti za kadi za Ultimate Team, zile zinazonunuliwa kwa hela.

Basi ushauri. Kwanza, uliza. Kabla hujalipa kiingilio popote, muulize mwenye chumba: tunacheza uchezaji gani? Ni swali la sekunde tatu. Pili, fanya mazoezi kwenye uchezaji huohuo utakaochezea. Si lazima uwe na intaneti, kwenye mechi ya kawaida ya wawili unaweza kuuchagua. Tatu, ingia kwenye majukumu ya FC IQ hata kama huyapendi, chagua angalau la mabeki wa pembeni, usiache yalivyokuja. Nne, uliza. Najua nimeshasema. Narudia kwa kuwa ndilo lililoniua: nilikuwa na aibu ya kumuuliza mtoto. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa miaka mingi.

Kuhusu mengine mapya sina mengi. Kwenye Clubs sasa unachagua aina ya mchezaji iliyochorwa kwa kufuata magwiji wa zamani, na unamkuza. Nzuri kwa mwenye marafiki kumi na mtandao usiokatika. Karieri ina changamoto fupi fupi za kocha, unapewa tatizo na muda wa kulitatua, zimenipendeza. Kupiga chenga kumekuwa kwepesi. Basi.

Ila kuna jambo nataka vijana wanisikilize vizuri. Acheni kununua pakiti. Mwezi wa kumi nilitia dola ishirini, pesa ya mlango wa mteja, nikapata kipa wa Uturuki na mabeki watatu ambao hata mama zao hawawajui. Mwaka ujao litatoka jipya na timu yako yote ya pakiti inabaki nyuma kama nyumba ya udongo baada ya mvua. Mnasema hamna hela ya daftari, hela ya pakiti mnaipata wapi? Mnakaa chumbani tangu saa mbili asubuhi, mama anapika bukari anakuita, huitiki. Mkubwa akikuambia jambo unacheka. Nilimlipia mtu dirishani mwaka 2019, hela ya mkate. Sikuomba anilipe. Lakini mtu anaweza kushangilia bao, akaonyesha kwamba kumfunga fulani ni jambo. Mtu anaweza kusema mbele za watu, huyu ndiye aliyenifundisha. Maneno matatu tu. Hata Kidiaba, kipa wa Mazembe, alipokuwa anaruka kwa makalio uwanjani, alikuwa anawaonyesha watu kwamba kuna jambo limetokea.

Mke wangu amesoma hadi hapa, anasema nimetoka kwenye mchezo nimeingia kanisani. Anasema pia nikumbuke kwamba mwaka 2019 nilimwingiza yule mtoto kwa sababu nilikuwa nakosa mpinzani siku hiyo. Si kweli kabisa. Ni kweli kidogo.

Shindano lingine ni Desemba, kabla ya Noeli, mahali palepale, dola tano ileile. Nimeshajiandikisha. Nimebadilisha uchezaji nyumbani. Usiku wa kwanza mashine ilinipiga 3–0 nikiwa peke yangu sebuleni, shemeji akizima sauti kwa heshima. Usiku wa nne nilishinda 2–1. Wissa alifunga moja ya kukokota, hakuokota popote. Beki wangu wa kulia sasa anaingia katikati, bado simwelewi, ananisumbua kama mgeni aliyekaa kwenye kiti changu, lakini kiungo hayuko peke yake tena.

Jana nikameza mate, nikamwandikia yule mtoto. Nikamwomba aje Jumamosi tucheze kidogo, anionyeshe ile mipango yake ya dakika nzima. Nilitegemea "ndiyo yaya". Alikaa saa mbili bila kujibu. Halafu akaandika: "Yaya, kwa wengine ni dola tatu kwa saa. Wewe utaleta mbili."

Nimemtumia nne. Za saa mbili.