Pedi mpya, breki zilezile: yaliyonikuta kwenye Mercedes ya 1982

Pedi za breki za mbele za Mercedes-Benz 240D yangu nilizibadilisha mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza nilitumia saa moja na nusu, nikajipongeza, nikaenda kunawa mikono. Mara ya pili ilinila siku mbili nzima, na hapo ndipo nilipogundua kwamba ile ya kwanza nilikuwa nimetoa kilichochakaa na kuweka kipya tu. Ugonjwa niliuacha palepale.

Gari lenyewe ni lile umbo ambalo kiwandani liliitwa W123, lililotengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980. Kalipa zake za mbele, yaani zile nyumba za chuma zinazobana pedi kwenye diski inayozunguka na tairi, hazitelezi kama za magari ya siku hizi. Zimefungwa imara, na kila moja ina pistoni mbili zinazotazamana, diski ikiwa katikati. Magari mengi ya zamani yenye diski mbele yamejengwa hivyo, kwa hiyo hata kama lako ni la kampuni nyingine, mengi ya hapa yatakuhusu.

Nilianza kukosea kabla sijashika jeki. Nilikwenda kununua pedi kwa kutaja aina ya gari na mwaka, nikapewa boksi, nikarudi nalo nyumbani kifua mbele. Gari likiwa tayari juu ya stendi, tairi zimetoka, pedi zikakataa kuingia. Naona aibu kusema kwamba nilizipiga msasa kingo kidogo nikidhani ni rangi tu imezidi. Kumbe gari hilohilo liliweza kutoka kiwandani na kalipa za kampuni ya ATE au za Bendix, na pedi zake haziingiliani. Jina limeandikwa kwenye mwili wa kalipa, ila kwangu lilikuwa limefunikwa na tope na grisi ya miaka. Sugua kwa brashi ya waya, soma, ndipo uende dukani. Kama unaweza, nenda na pedi ya zamani mkononi.

Na ukipewa boksi lililokaa stoo tangu enzi hizo, likatae. Pedi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Kwa sababu hiyohiyo usipulize kalipa kwa upepo wa kompresa, wala kwa mdomo. Lowesha kwa dawa ya kusafishia breki, futa kwa tambara, tambara litupe.

Kuinua gari sitakueleza kwa kirefu: sehemu tambarare, tairi za nyuma zizuiwe kwa vigingi, bolti za tairi zilegezwe gari likiwa bado chini, na uzito ukae kwenye stendi, si kwenye jeki. Fanya upande mmoja kwanza. Ule mwingine uache kama ulivyo, uwe kielelezo chako ukisahau springi ilikaaje.

Kwenye kalipa za ATE pedi zinashikwa na pini mbili. Unazigonga kwa panchi (kijiti cha chuma cha kusukumia pini) kutoka nje kuelekea ndani ya gari, ile springi yenye umbo la msalaba inaruka (shika kwa kidole, nimeitafuta chini ya kabati mara mbili), kisha unavuta pedi. Angalia pia waya wa taa ya tahadhari unaoingia kwenye pedi. Pedi ikiisha, ncha ya waya ule inagusa diski na taa inawaka kwenye dashibodi. Waya wa miaka arobaini unakatika ukiutazama vibaya.

Sasa nije pale nilipoharibu. Pedi za gurudumu la kulia zilipotoka nilizilaza kwenye kiganja, moja kando ya nyingine. Ya ndani ilikuwa na kama milimita 7. Ya nje ilibaki milimita 2, na upande mmoja ulikuwa umelika zaidi ya mwingine kama kisigino cha kiatu. Nikasema moyoni, ndiyo maana zinabadilishwa. Nikazitupa kwenye ndoo.

Wiki tatu baadaye gari likaanza kuvuta kulia hata sijakanyaga breki. Nikasimama, nikasogeza kiganja karibu na rimu ya kulia, nikakirudisha haraka. Ilikuwa moto kama sufuria. Ya kushoto ilikuwa vuguvugu tu. Harufu ya pedi kuungua hata sihitaji kuieleza kwa aliyewahi kuinusa.

Pedi mbili za kalipa moja zinatakiwa ziishe karibu sawa, kwa sababu zinasukumwa na mafuta yaleyale ya breki kwa nguvu ileile. Ukikuta moja imeisha na mwenzake bado, mara nyingi pistoni mojawapo hairudi. Na kinachoirudisha hakipo nje ukakiona: ni ile pete ya mpira ndani ya silinda. Ukikanyaga breki mpira unapinda kidogo kuifuata pistoni. Ukiachia, unanyooka na kuivuta nyuma kiasi kidogo mno, lakini kinatosha pedi isisugue diski. Mpira ukikakamaa, au kutu ikiota ukingoni mwa pistoni, kurudi kunaisha.

Kabla hujalaumu pistoni, kuna jaribio moja ambalo ningelijua mapema lingenipunguzia maumivu. Gari likiwa juu ya stendi, mtu akanyage breki kisha aachie. Kama gurudumu limeganda, fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa. Likilegea, mafuta yalikuwa yamenaswa huko juu, na mara nyingi mwizi ni hosi ya mpira iliyovimba ndani: inapitisha mafuta kwenda, inayazuia kurudi. Kwa macho hosi hiyo inaweza kuonekana nzima kabisa. Likibaki limeganda, shida iko kwenye kalipa. Langu lilibaki limeganda.

Nikaishusha kalipa, nikatoa pistoni. Ya nje ilikuwa na mkanda wa kutu wenye vishimo, upana wa ukucha. Kuna watakaokwambia upige msasa irudi. Msasa unaondoa kromu, na kutu inarudi haraka kuliko mwanzo. Niliweka pistoni mpya na mipira mipya, nikaipaka mafuta ya breki ili iteleze, si oili ya injini, maana oili inaivimbisha mipira hiyo. Zile bolti zinazounganisha nusu mbili za kalipa sikuzigusa. Pistoni zinatoka bila kuipasua, na upande wa kushoto nikaufanyia vilevile, kwa sababu umri wao ni mmoja.

Kama pistoni zako ni nzima, unazirudisha ndani tu. Toa pedi moja, rudisha pistoni yake polepole, ingiza pedi mpya, ndipo utoe ya pili. Ukitoa zote mbili, unasukuma hii na ile ya upande wa pili inatokeza. Na kila unaporudisha pistoni, mafuta ya breki yanapanda kwenye kikopo chake kule juu, chini ya boneti. Mimi nilikuwa nimekijaza mpaka mdomoni mwezi uliopita. Yakafurika yakashuka kwenye rangi, na kufika jioni rangi ilikuwa imejikunja kama ngozi ya maziwa. Siku hizi nanyonya kidogo kwa bomba la sindano kwanza.

Diski nayo ipimwe. Unene wa chini kabisa huandikwa kwenye diski yenyewe au kwenye kitabu cha gari. Ukipima kwa kipimo cha vernia, ule mdomo wa kutu ukingoni utakudanganya. Weka sarafu moja kila upande ndani ya mdomo, pima vyote pamoja, kisha toa unene wa sarafu zote mbili.

Kila kitu kikirudi, breki itakuwa laini mpaka chini. Usiwashe gari ukaondoka! Kanyaga mara nyingi, lakini kwa hatua fupi. Kwenye masta silinda ya zamani (ile pampu inayosukuma mafuta unapokanyaga breki), ukikanyaga mpaka sakafuni unazipeleka sili, yaani mipira yake ya ndani, sehemu zisizofika miaka yote, yenye kutu, na zinaweza kuchanika hapohapo. Kama ulifungua mfumo, toa upepo na utie mafuta mapya ya breki ya aina ya DOT 4. Mafuta haya yanavuta unyevu: yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Yale ya silikoni, DOT 5, usiyachanganye nayo.

Kisha pedi zinahitaji kuzoeana na diski. Nilitafuta barabara tupu, nikaenda kama kilomita 50 kwa saa, nikapunguza taratibu hadi 10 bila kusimama, nikaacha zipoe kidogo, nikarudia mara kumi hivi. Usukani ulitulia katikati muda wote.

Nilipofika nyumbani nilizunguka gari, nikasogeza kiganja karibu na rimu ya kulia, kisha ya kushoto, nikarudi tena ya kulia. Joto lilikuwa moja.