Samurai, nyimbo na fitina: jaribu hii ya Kurosawa

Ndugu, umeomba filamu ya Kijapani ya enzi za samurai yenye muziki, fumbo na fitina za wakubwa. Tafuta Tora no O o Fumu Otokotachi ya mwongozaji Akira Kurosawa, ya 1945. Haifiki hata saa moja.

Jemadari Yoshitsune anawindwa na kaka yake Yoritomo, basi anatoroka na watu wake wakiwa wamejivika utawa, mwenyewe kabebeshwa mzigo kama mpagazi. Kwenye kizuizi wanaambiwa: kama kweli mnachangisha fedha za hekalu, someni waraka wa michango. Waraka wenyewe hawana! Benkei, mfuasi wa Yoshitsune, anakunjua karatasi tupu na kuisoma kwa sauti nzito, hakwami hata neno moja. Yule mpagazi anaposhukiwa kuwa Yoshitsune, Benkei anamcharaza bwana wake fimbo mbele ya walinzi.

Je, Togashi, mkuu wa kizuizi, alijua kuwa ni Yoshitsune? Watu wanabishana, mimi nasema alijua tangu ile karatasi. Kwaya ndiyo inayosimulia safari, na mchekeshaji Enoken, anayeigiza mpagazi mwingine, mropokaji aliyeongezwa na Kurosawa, atakuvunja mbavu. Filamu ilizuiwa, ikaja kuonyeshwa 1952.