Ukiacha Kazi, Rudisha Ufunguo

*Mimi ni karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Industrial Area. Nimepata kazi Westlands na wanataka nianze Jumatatu. Mkataba wangu unasema notisi ya mwezi mmoja. Nikizima simu tu, kuna ubaya?* (Karani, Umoja)

Upo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28, tena kwa maandishi. Mkataba ukitaja muda mrefu zaidi, utafuata mkataba. Kama lazima uondoke mapema, sheria inakuruhusu umlipe mwajiri mshahara wa zile siku ambazo hutazifanyia kazi. Au mwombe akuachilie mapema na siku zako za likizo zihesabiwe humo. Akikataa, ana haki yake.

Lakini kwanza mpigie simu huyo wa Westlands, umwambie una mwezi wa kumaliza. Kwa niliyoyaona, wengi hungoja. Asiyeweza kungoja ujiulize ana haraka gani, na aliyekutangulia pale alitokaje.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa stoo, nikuonye jambo. Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapishaji hapa Nairobi. Siku ya mwisho tulikunywa soda, tukapigana picha, nikapanda basi la usiku kwenda kwetu. Asubuhi natoa leso mkobani, nakuta ufunguo wa stoo ya karatasi. Simu yangu haikuwa na chaji. Jumatatu walivunja kufuli kwa nyundo huku mteja akingojea risiti zake mlangoni. Nilikuwa nimewafanyia kazi vizuri miaka minne, lakini mpaka leo nikikutana nao mjini naitwa "yule wa kufuli". Hesabu mifuko ya simiti na mabati pamoja na anayechukua nafasi yako, mtie sahihi nyote wawili, ubaki na nakala. Halafu upekue mkoba.

*Bosi amenitukana miaka miwili mbele ya wateja. Nataka barua yangu imweleze kila kitu. Niandike kurasa ngapi?* (Dereva, Kayole)

Nusu ukurasa, na matusi yake yasiwemo. Barua ya kuacha kazi hukaa kwenye faili, na atakayeifungua baadaye hatajua aliyeanza. Andika hivi:

"Nakujulisha kwamba naacha kazi ya udereva. Siku yangu ya mwisho ni tarehe 30 mwezi ujao. Gari, funguo na kitabu cha safari nitamkabidhi utakayemteua. Asante kwa nafasi uliyonipa."

Ile "asante" ikikukwama kooni, iache. Barua itasimama bila hiyo. Mpelekee mkononi, na nakala yako ipigwe muhuri au itiwe sahihi na tarehe, maana siku 28 zina ugomvi wake: yeye atasema alipokea juzi. Hayo mengine mweleze mkeo, au rafiki asiyefanya kazi hapo. Usiyaweke kwenye kundi la WhatsApp la madereva.

*Nimefanya kazi za nyumbani Kilimani miaka minne. Nimepata nafasi ya kusomea ushonaji. Mama ni mwema na mtoto mdogo hulala kwangu. Naogopa kumwambia, naona heri niseme naenda msibani halafu nisirudi.* (Dada, Kilimani)

Dada yangu, hiyo ya msiba imezoeleka jijini mpaka siku hizi mtu akifiwa kweli haaminiki. Usimzike mtu aliye hai.

Mwambie jioni watoto wakishalala, asubuhi hana nafasi ya kusikiliza. "Mama, mwisho wa mwezi ujao nitaondoka, nimepata nafasi ya kusoma." Kisha nyamaza. Atauliza kama ni mshahara. Kama siyo, sema siyo. Atakasirika siku mbili tatu, kwa sababu anahesabu nani atabaki na mtoto. Msaidie hapo: umwelekeze atakayekuja, umwonyeshe mtoto hula saa ngapi na hutulizwa vipi akiamka usiku. Mtoto naye aambiwe, na aambiwe na mama yake wewe ukiwepo. Asiamke tu akute kitanda chako kitupu.

Na wewe una haki zako, wema wa mama hauzifuti. Notisi iandike, hata mistari miwili kwenye karatasi ya daftari. Likizo ambayo hukuenda inahesabiwa: si chini ya siku 1.75 kwa kila mwezi uliokamilisha. Uliza pia kama NSSF, ile akiba ya uzeeni, imekuwa ikilipwa.

*Nimetoa notisi, sasa bosi anataka kuniongezea mshahara nibaki.* (Mhasibu, Upper Hill)

Kama ulikuwa ukiondoka kwa pesa tu, kaa, lakini nyongeza iandikwe kwanza. Kama palikuwa na jingine, litakungoja palepale Jumatatu.

*Naacha kazi na nina mkopo wa Sacco. Wadhamini ni wenzangu wa ofisi.* (Mwalimu, Embakasi)

Waambie wao kabla ya sherehe ya kukuaga. Mkopo ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara, na makato hayo yanakoma mshahara ukikoma. Nenda Sacco wiki hii, panga utakavyolipa kupitia benki au M-Pesa, urudi na karatasi uwaonyeshe. Ukinyamaza, watakaokatwa ni wao.

*Mwajiri amekataa kuniandikia barua ya sifa. Naweza kumlazimisha?* (Fundi, Ruaraka)

Ya sifa, hapana, sheria haimlazimishi. Cheti cha utumishi ndicho lazima akupe, mradi ulifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi: kinaonyesha ulianza lini, ulifanya kazi gani na wapi, ukaacha lini. Akikunyima bila sababu anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000. Kiombe kwa upole siku unayorudisha vifaa, pamoja na P9 yako, ile fomu ya mshahara na kodi uliyokatwa, maana KRA, watoza kodi, watataka ritani kufikia Juni 30 na hutapenda kurudi kwa mlinzi getini kuomba karatasi.