Maswali Yenu: Kuishi Bila Mitandao ya Kijamii

Nimefuta Facebook kwenye simu, lakini rafiki yangu anasema bado ananiona. Inakuwaje?

Ulichofuta ni programu tu. Akaunti iko palepale. Ingia kupitia kivinjari, fungua mipangilio, na uwe makini hapo: kuna kuizima akaunti kwa muda na kuna kuifuta kabisa. Ukiizima, ukurasa wako unafichwa, ila Messenger, huduma yao ya kutumiana ujumbe, inaweza kuendelea. Ukiifuta, unapewa siku 30 za kughairi, na ukiingia tena ndani ya siku hizo unaweza kuusimamisha ufutaji. Baada ya hapo, data zako zinaweza kuchukua hadi siku 90 kuondolewa kwenye seva. Ujumbe uliowatumia watu utabaki kwao.

Kabla ya kubonyeza, pakua picha zako. Kisha kagua kila tovuti unayoingia kwa akaunti ya Facebook na uiwekee barua pepe na nywila yake. Wengi hulisahau hili, halafu wanajikuta wamefungiwa nje.

Mimi sijawahi kujiunga na mtandao wowote. Kwa hiyo hawanijui, sivyo?

Wanakujua kiasi. Jirani akiruhusu programu isome orodha ya namba zake, yako imo. Tovuti nyingi pia zimepachikwa vifuatiliaji vya kampuni hizo, yaani vijiprogramu vinavyorekodi unachofungua, na havikuulizi kama una akaunti. Mwezi Aprili 2018, mwanzilishi wa Facebook, Mark Zuckerberg, alipohojiwa na Bunge la Marekani, alikiri kwamba Facebook hukusanya data za watu wasiojiunga, akisema ni kwa sababu za usalama. Jibu hilo halikuniridhisha. Hata hivyo, usiyoyaandika wewe mwenyewe hawayapati kirahisi, na hiyo ni nafuu kubwa.

Wenzangu wanasema najidai.

Usiwahubirie, watazoea.

WhatsApp nayo niihesabu kuwa mtandao wa kijamii?

Hapa watu hawakubaliani. Kwangu mimi, kuandikiana na mtu unayemfahamu ni kama simu tu. Shida iko kwenye stetasi, chaneli na makundi yasiyolala. Nyamazisha hayo, bakiza mazungumzo.

Naogopa kupitwa na habari za misiba na harusi.

Utapitwa na baadhi, nisikudanganye. Siku hizi mtu akishabandika tangazo anahesabu ameshamwambia kila mtu. Tafuta ndugu mmoja na rafiki mmoja wenye mdomo mwepesi, uwaombe wakupigie. Kila ukoo unaye mmoja ambaye hapitwi na neno.

Nimejitoa, lakini kidole bado kinakwenda pale ilipokuwa alama ya programu.

Ni mazoea ya mkono. Usiweke kitu kingine cha kuvutia mahali pale.

Je, niandike ujumbe wa kuaga kabla ya kutoka?

Usiandike humo. Watu watatoa maoni, nawe utarudi kuyasoma. Waandikie moja kwa moja wale ambao ungewapigia simu hata kama mtandao usingekuwepo, na uwape namba yako.